Vyuo 14 kwenye karatasi moja

Binti wa kaka yangu alikuja dukani siku ya tatu baada ya matokeo ya kidato cha sita kutangazwa. Alitoa mfukoni karatasi iliyochanwa kwenye daftari la hesabu, lile la mirabamiraba, akainyoosha juu ya meza kwa viganja viwili. Alikuwa ameandika vyuo 14. Makerere ilikuwa juu kabisa, imepigiwa mistari miwili kwa chini. Zikafuata Kyambogo, Mbarara, Gulu, Busitema, Lira, Muni, Soroti, Kabale, kisha vile vya binafsi: IUIU (kile chuo kikuu cha Kiislamu), Mukono, Nkozi, Ndejje, na cha mwisho kabisa chuo kimoja alichokisikia kwenye tangazo la redio.

"Shangazi, nisaidie kujaza fomu."

"Fomu ya chuo gani?"

"Zote."

Nina kibanda cha fotokopi na intaneti hapa Malaba, upande wa Uganda, karibu na foleni ya malori. Kila mwaka matokeo yakitoka wazazi na watoto hujipanga mbele ya mashine yangu, na wengi wao huja na karatasi kama ile. Wanataja vyuo. Nikiwauliza mtoto anataka kusoma nini, najibiwa, "Yoyote itakayopatikana." Neno hilo "yoyote" linaniuma kila ninapolisikia, maana najua linakompeleka mtu. Kila fomu ina ada yake, na ada hiyo hairudi hata usipochaguliwa. Lakini ada ndiyo hasara ndogo. Hasara kubwa ni miaka.

Nilifunga mlango nusu, nikamvutia kiti nyuma ya kaunta. Nilimwambia atafute kalamu nyekundu, na kwamba hatutajaza fomu hata moja mpaka karatasi ile ibaki na majina yasiyozidi manne.

Kwanza nilimwomba asahau vyuo. "Unataka kuwa nani?"

Akanyamaza. Nilidhani anafikiri, kumbe anaogopa, kwa sababu baba yake alishasema mara nyingi kwamba mtoto wake ni wa Makerere, na hakuna aliyewahi kuuliza atakwenda kufanya nini huko. Mwishowe akasema, "Mkunga." Akanikumbusha usiku aliozaliwa mdogo wake, umeme ulipokatika kwenye kituo cha afya, yeye akiwa na miaka 15, akaitwa ndani amshikie mkunga tochi ya simu. Alishika simu ile kwa mikono miwili ili isitetemeke. "Mkunga hakunipigia kelele hata mara moja, Shangazi. Aliniambia tu, mwanangu, mwanga usogee kidogo kulia."

Basi tukaanza na ukunga na uuguzi. Hapo ndipo orodha inapopata mkasi wake wa kwanza, na ndipo wengi wetu tunapokosea: tunachagua chuo kwanza, halafu ndani yake tunatafuta kozi ya kuingia nayo, kama mtu anayepanda basi lililopendeza kisha akamuuliza kondakta linakwenda wapi. Pointi zinapangwa kwa kozi. Kibali kinatolewa kwa kozi. Na mwajiri naye atasoma jina la kozi kwenye cheti chako. Kyambogo, kwa mfano, iliundwa 2003 kwa kuunganisha taasisi tatu, mojawapo ya walimu na nyingine ya elimu maalumu, na kwa anayetaka kufundisha watoto wenye ulemavu ningemwambia aiweke ya kwanza bila kusita. Mwanangu hataki ualimu. Tukaikata Kyambogo pamoja na vingine vitatu, kwa sababu hakuna tulichokitaka humo. Vikabaki 10.

Baada ya hapo tukakaa na kikokotoo, na hapa nitakwenda polepole, kwa kuwa kila mwaka naona watoto wenye matokeo mazuri wakikosa nafasi kwa kutoelewa hesabu hii.

Vyuo vikuu vya umma havisomi matokeo kama mzazi anavyoyasoma. Mwanangu alisoma Biolojia, Kemia na Hisabati, na kompyuta kama somo dogo. Alipata C, C na D. Mzazi anajumlisha tu: A ni 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2. Kwa hiyo 4 na 4 na 3, ongeza moja ya GP, lile somo la maarifa ya jumla, na moja ya kompyuta, jumla 13 kati ya 20. Chuo kinapima uzito. Masomo mawili ambayo ndiyo moyo wa kozi yanazidishwa kwa 3. La tatu linalohusiana nayo linazidishwa kwa 2. Masomo madogo yanahesabiwa yalivyo, na somo lisilohusika kabisa linakatwa nusu.

Kwa uuguzi, moyo ni Biolojia na Kemia. Biolojia 4 mara 3 ni 12. Kemia vilevile, 12. Hisabati 3 mara 2 ni 6. Hiyo ni 30. GP na kompyuta, 32. Kisha kidato cha nne nacho kinachangia kidogo: yeye alifanya kwa mtaala wa zamani, akapata distinkshen mbili, ambazo kila moja ni 0.3, krediti tano za 0.2, na pasi moja ya 0.1. Jumla 1.7. Mwisho, zile 1.5 anazoongezewa mtoto wa kike, utaratibu ulioanza Makerere mwaka 1990. Tukapata 35.2. (Wadogo zetu wa mtaala mpya ulioanza 2020 wasitumie hesabu hii ya kidato cha nne, maana alama zao ni za herufi.)

Nikamwambia sasa tufanye kama unataka kozi ambayo Hisabati ndiyo moyo wake. Ile D ya Hisabati ikazidishwa kwa 3 ikatoa 9, Kemia 12, Biolojia ikashuka ikawa mara 2, yaani 8. Jumla 29 badala ya 30. Matokeo ni yaleyale na mtoto ni yuleyule, lakini ameshapoteza pointi nzima kabla hajatuma fomu, na nimeona watoto waliokosa nafasi kwa sehemu ndogo ya pointi moja. Binti aliitazama ile 30 na ile 29 kwa muda mrefu. Nadhani hapo ndipo alipoacha kuiona karatasi yake kama orodha ya matumaini, akaanza kuiona kama kazi ya kufanya.

Tahadhari moja. Pointi za kuingilia zinazotangazwa ni za mwaka uliopita. Zinapanda na kushuka kwa kadiri watu walivyoshindana mwaka huo. Ukizikaribia, jaribu. Ukiwa chini kwa mbali, usijidanganye.

Mkasi wa pili ulikuwa kibali, na juu ya hili siwezi kuandika kwa utulivu.

Nilipokuwa na umri wa miaka 20 nilijiunga na chuo kimoja ambacho sitakitaja. Kilikuwa na jengo la vioo na mkurugenzi mwenye sauti ya upole. Tulipouliza kama kozi yetu imesajiliwa, tuliambiwa karatasi ziko njiani. Mama aliuza ng'ombe wawili. Nilisoma semesta mbili, mitihani nikafanya, na matokeo nikabandikiwa ukutani. Semesta ya tatu ilipoanza tukaambiwa kozi yetu haipo, tuchague nyingine na tuanze upya mwaka wa kwanza. Hakuna aliyenirudishia hata shilingi. Zile risiti ninazo mpaka leo, ndani ya bahasha ya kaki chini ya droo ya kaunta, na nilimtolea binti azione. Stashahada yangu niliipata miaka mingi baadaye, nikiwa mama wa watoto wawili.

Kwa hiyo kabla hujalipa, ingia kwenye tovuti ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, lile lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2001. Tafuta jina la chuo, halafu usiishie hapo. Tafuta jina la kozi yenyewe, na uangalie idhini yake inaishia lini. Chuo kinaweza kuwa halali huku kozi yako imelala. Mwaka 2023 nchi nzima ilizungumzia programu ambazo muda wa idhini zake ulikuwa umepita, na zilikuwamo za vyuo vikubwa vya heshima, kwa hiyo jina kubwa lisikufanye ukaacha kuangalia. Kwa fani zenye baraza lake, uliza mara mbili. Mkunga lazima asajiliwe na Baraza la Wauguzi na Wakunga. Anayetaka uwakili ahakikishe shahada yake ya sheria inatambuliwa na Baraza la Sheria, la sivyo mlango wa mafunzo ya uwakili pale Kituo cha Maendeleo ya Sheria (LDC) utafungwa mbele yake baada ya kumaliza miaka yote ile.

Chuo cha redioni hatukukiona kwenye orodha yenye kozi yetu. Binti alikikata mwenyewe, kwa nguvu, karatasi ikatoboka. Vikabaki tisa.

Fedha. Kaka yangu ni dereva wa trela, na mapato yake yanategemea safari. Shahada ya uuguzi au ukunga ni miaka minne, yaani semesta nane, na baada yake kuna mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini kabla ya usajili kamili. Basi kila namba unayoiona kwenye karatasi ya ada, izidishe kwa nane. Na karatasi hiyo uigeuze, maana ada ya masomo imeandikwa mbele kwa herufi kubwa, lakini usajili, maktaba, mitihani, kitambulisho, chama cha wanafunzi na mafunzo ya hospitalini vimeandikwa nyuma kwa herufi ndogo. Ukimaliza hapo bado hujahesabu chumba, chakula, sare na nauli.

Serikali hudhamini wanafunzi 4,000 hivi kwa mwaka katika vyuo vya umma nchi nzima. Baadhi ya nafasi hizo hugawiwa kwa wilaya, ili mtoto wa kijijini asishindanishwe tu na wale wa shule kubwa za Kampala na Wakiso. Tuliamua kuomba nafasi ya wilaya bila kuitegemea. Kuna pia mkopo wa serikali, ulioanza 2014, unaolipia ada ya masomo na michango ya chuo, hasa kwa kozi za sayansi. Chumba na chakula haugusi. Wazazi wengi hugundua hilo mtoto akiwa ameshafika chuoni na godoro kichwani.

Kwa hesabu hiyo vyuo binafsi viwili vilivyokuwa vimesalia vikatoka. Bibi yake, mama yetu, alisikitika kuhusu IUIU, kwa kuwa iko Mbale, karibu, na yeye anaiamini tangu ilipofunguliwa 1988. Nilimwelewa. Lakini aliponiuliza tena nilimwonyesha hesabu, akaitikia kwa kichwa.

Saba: Makerere, Mbarara, Busitema, Lira, Muni, Soroti, Kabale. Kabale iko kule mwisho wa nchi kuelekea Rwanda. Muni iko Arua, jirani na Kongo. Mbarara ni mwendo wa siku nzima kutoka kwetu, kwa kuwa ni lazima uvuke Kampala kwanza. Ni vyuo vizuri, na Mbarara ina heshima kubwa katika udaktari. Lakini mtoto akiugua usiku nani atamfikia? Tukavikata vitatu hivyo, na binti akasema polepole, "Mbarara inaniuma." Ikakatwa hivyohivyo.

Jumamosi tulipanda taksi kwenda Mbale. Jambo hili watu hawalijui: ukichaguliwa Busitema si lazima usomee Busitema. Chuo kimetawanyika. Uhandisi uko Busitema penyewe, ualimu Nagongera, kilimo Arapai kule Soroti, na kitivo cha afya kiko Mbale mjini, wanafunzi wakijifunzia katika hospitali ya rufaa. Nilitaka aone kwa macho yake mahali atakapoamkia.

Tulimkuta msichana wa mwaka wa tatu nje ya geti, amevaa koti jeupe, anakula rolex, chapati iliyokunjwa na mayai. Binti alimwamkia, akamuuliza masomo ni magumu kiasi gani. Yule msichana alimeza, akafuta mafuta ya chapati mdomoni kwa mgongo wa mkono, akasema, "Masomo utayaweza, sote tunayaweza. Uliza habari ya maji." Akatupeleka mpaka nyuma ya hosteli anayokaa. Palikuwa na mfereji mmoja, na mitungi ya njano imepangwa mstari mrefu, kila mmoja na jina limeandikwa kwa rangi ya kucha. Akasema maji yakikatika wiki nzima mtungi unanunuliwa, na mwenye zamu ya usiku wodini akirudi alfajiri anakuta foleni. Hosteli ya pili, yenye tangi lake, ilikuwa ghali zaidi, lakini tulipotoa gharama ya mitungi na bodaboda tofauti ikawa ndogo sana. Hesabu hiyo hakuna tovuti itakayokupa. Binti aliandika yote nyuma ya karatasi yake ya vyuo, na aliniambia njiani kwamba ule mstari wa mitungi haukumtisha. Milima ya Wanale ilikuwa imefunikwa ukungu nusu, naye alikuwa akiitazama kupitia dirisha la taksi kama mtu anayepajua mahali.

Kaka yangu alirudi Jumatatu jioni kutoka Juba. Tulimwandalia chai, tukamwonyesha karatasi. Aliona mistari myekundu, akatafuta Makerere. Ilikuwa bado haijakatwa, sikuthubutu kuikata bila yeye.

"Dada, huyu ni mtoto wa Makerere," akasema. "Nimesema hivyo tangu yuko darasa la kwanza."

Sikumcheka na sitamcheka mzazi yeyote wa namna hiyo. Makerere imekuwapo tangu 1922. Nyerere alisoma pale, Mkapa alisoma pale, Kibaki alisoma pale. Kwa mtu aliyeachia shule darasa la saba, ambaye maisha yake yote ameyapitishia barabarani, kusema "binti yangu yuko Makerere" ni malipo ya kila usiku aliolala chini ya trela. Nilimwambia hivyo. Kisha nikampa kikokotoo, tukapitia pointi pamoja, mara 3, mara 3, mara 2. Tulipolinganisha 35.2 na pointi za uuguzi wa Makerere kwa udhamini wa serikali za mwaka uliotangulia, tulikuwa chini kwa mbali. Kulipa wenyewe Kampala, semesta nane, pamoja na chumba cha Kampala, hakuweza. Anaweza kuingia Makerere kwa kozi nyingine, nikasema, lakini si kwa ukunga.

Alimgeukia binti. "Mwanangu, wewe unasemaje?"

"Baba, nataka ukunga. Popote utakapopatikana."

Nikaona neno lile "yoyote" limegeuzwa. Watoto wengi husema kozi yoyote, bora chuo kile. Yeye alisema chuo chochote, bora kozi hii.

Kaka aliichukua karatasi, akabaki anaitazama. Vilivyobaki ni Busitema ya Mbale, Soroti, na Lira yenye shahada ya ukunga. Aliomba kalamu. Akaigeuza, na chini ya hesabu za mitungi akachora mstari mmoja wa kupanda, na juu yake akatia vitone: Malaba, Tororo, Mbale, Soroti, Lira, Kamdini, Gulu, Elegu, Juba. Alikuwa anachora njia yake ya kazi. Mimi nilikuwa nimezisoma ramani na tovuti kwa wiki nzima sikuliona hilo. Miji ya vyuo vyote vitatu imekaa juu ya barabara ambayo yeye anaipita kila mwezi akiwa na mzigo wa watu wengine.

"Unga na maharage nitampitishia mwenyewe," akasema. Hakuitaja tena Makerere. Binti akachukua kalamu nyekundu, akamtazama baba yake kwanza, halafu akapiga mstari mmoja mwembamba juu ya jina lile, wala hakukwaruza.

Fomu tulizijaza usiku uleule dukani, umeme ukiwa mzuri. Tatu za shahada, Lira mbele, na moja ya stashahada ya ukunga kama akiba, kwa sababu mwenye stashahada na usajili anaweza kurudi baadaye kusomea shahada akiwa tayari na mshahara. Nilimsomea binti jina lake herufi kwa herufi, kama lilivyo kwenye cheti cha kidato cha nne, kwani herufi moja ikipishana utahangaika ofisi kwa ofisi. Kaka alikaa kwenye kiti cha wateja, kofia juu ya goti, akingoja.

Nilipobonyeza kutuma fomu ya Lira, aliinuka akasogea mpaka karibu na skrini.

"Dada, hebu angalia hapo," akasema. "Lango la chuo liko upande gani wa barabara? Kushoto nikiwa nakwenda, au nikiwa narudi?"